Hakuona, hajui au kanunuliwa? Jinsi shabiki anavyomhukumu mwamuzi

Katika mchezo mmoja wa ndondo, yaani mpira wa miguu wa mtaani, uliochezwa Jumapili ya jua kali kwenye uwanja wa mchanga upande wa Temeke, mwamuzi alipuliza filimbi na kunyoosha mkono kuelekea alama ya penalti, na kabla mpira haujatengwa kauli tatu zilikuwa zimekwisha kusikika kutoka upande ule ule wa kamba. Mzee aliyekalia ndoo iliyopinduliwa alisema refa hakuona, kwa kuwa beki alikuwa amempa mgongo. Kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma yake alisema refa ameona vizuri ila hajui sheria, kwani beki aligusa mpira kwanza. Wa tatu, ambaye sikuuona uso wake, hakujishughulisha na beki wala na mpira: "Huyo kanunuliwa tangu jana." Wote watatu walikuwa upande wa timu moja, wote walikuwa na hasira ile ile, na kwa dakika kumi zilizofuata walitukana kwa sauti moja kana kwamba walikuwa wamekubaliana.

Tuhuma hizo tatu zinatofautiana kwa asili yake, kwa ushahidi unaohitajika ili kuzithibitisha na kwa dawa yake. Mwamuzi ambaye hakuona anahitaji mahali pazuri zaidi pa kusimama, msaidizi makini au kamera. Asiyejua sheria anahitaji darasa, ingawa mara nyingine anayelihitaji darasa hilo ni yule anayelalamika. Aliyenunuliwa anahitaji mpelelezi. Ninachokusudia kueleza hapa ni jinsi tuhuma mbili za kwanza zinavyogeuka kuwa ya tatu, na kwa nini zinageuka kwa wepesi zaidi katika ligi za kati, yaani zile ambazo mchezaji hulipwa chochote lakini haishi kwa mpira.

Kwa hapa kwetu ligi za kati ni ngazi zilizo chini ya Ligi Kuu: Championship, ambayo watu wengi wa makamo bado wanaiita Ligi Daraja la Kwanza, kisha First League, kisha ligi za mikoa. Pembeni yake ipo ndondo, ambayo haimo katika ngazi rasmi lakini humlipa mchezaji kwa mechi na huweza kuujaza uwanja kama Kinesi kule Shekilango kuliko mechi kadhaa za Ligi Kuu zinavyojaza viwanja vyake. Katika ngazi hizo mshambuliaji anaweza kuwa fundi wa friji, na mwamuzi anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeomba ruhusa Ijumaa mchana ili awahi basi la mkoani.

Mstari usiochorwa

Ili kuuona mpira wetu kwa jicho la mgeni, inafaa kuangalia mchezo mwingine ambao umeishi katika hali hiyo ya nusu ajira tangu ulipozaliwa. Raga ya ligi, yaani ile ya wachezaji 13 kila upande, ni tofauti na raga ya wachezaji 15 ambayo huchezwa na vilabu vichache hapa Dar es Salaam na ambayo mpita njia wa Gymkhana huenda amewahi kuiona. Ilianza tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale vilabu vya eneo hilo vilipojitenga na chama kilichosimamia raga wakati huo. Sababu ilikuwa fedha: wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda, na vilabu vilitaka kuwafidia ujira walioukosa kwa kucheza Jumamosi. Ligi yao kubwa ya sasa, Super League, ilianza mwaka 1996, lakini chini yake vilabu kama Batley na Dewsbury, miji miwili inayopakana katika jimbo la Yorkshire, vimeendelea kutegemea wachezaji wenye kazi nyingine siku za katikati ya wiki.

Mchezo huo una kanuni moja inayomtia mwamuzi katikati ya ugomvi kila baada ya sekunde chache. Timu yenye mpira hupewa nafasi sita za kuangushwa. Kila mwenye mpira anapoangushwa, wapinzani wake wote, isipokuwa mmoja au wawili wanaobaki mbele yake, lazima warudi nyuma mita 10, na mstari wa mita hizo haujachorwa popote, bali mwamuzi mwenyewe ndiye mstari, kwa kuwa anarudi pamoja nao na kusimama pale wanapotakiwa kuishia. Wakati huo huo anapaswa kuhesabu nafasi zilizobaki, kuangalia kama aliyemwangusha mwenzake anamlalia kwa makusudi ili kuchelewesha mchezo, na kuona kama aliyeangushwa ameinuka na kuusukuma mpira nyuma kwa mguu inavyotakiwa. Ndiyo maana ukelele wa kumtaka refa awarudishe mabeki nyuma umekuwa sehemu ya mchezo huo wa kaskazini mwa Uingereza kama vuvuzela lilivyokuwa sehemu ya mpira wa Afrika Kusini.

Jambo la kuzingatia ni kwamba makosa ya aina hiyo hutokea mara nyingi mno kuliko yanavyoadhibiwa, na hilo linajulikana na kila mtu uwanjani. Kumlalia mpinzani kwa nusu sekunde kunavumiliwa, kwa sekunde moja na nusu kunaadhibiwa, na katikati yake kuna eneo ambalo mwamuzi hulipima kwa uzoefu, kwa hali ya mchezo na kwa namna alivyoamua mwanzoni. Shabiki wa Batley anayelalamika kwamba wapinzani wanalalia, na shabiki wa Dewsbury anayelalamika vivyo hivyo dakika moja baadaye, wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli. Kama mwamuzi angepuliza kila sheria inapovunjwa, mchezo usingefika popote.

Mpira wa miguu nao una eneo kama hilo, ila limejificha. Kila inapopigwa kona katika uwanja wowote wa Dar es Salaam, wachezaji wanne au watano huwa wanavutana jezi. Mwamuzi hupuliza mara chache, kwa kawaida dhidi ya mshambuliaji, na watu huendelea na maisha. Siku atakapoamua kwamba mvutano huu umepita kiasi na kutoa penalti, swali la kwanza la upande ulioadhibiwa litakuwa: mbona ile ya kipindi cha kwanza hukuitoa? Swali hilo ni halali. Linagusa uthabiti wa kipimo, ambao shabiki anaujali kuliko usahihi wa tukio moja moja, na kwa maoni yangu anafanya vizuri kuujali. Tatizo ni kwamba jibu halimfikii, kwa sababu hakuna anayempa.

Hakuona

Niliwahi kushika kibendera mara moja tu maishani. Mshika kibendera wa upande wa pili hakutokea, mechi ilikuwa ya watu wa mtaa, na nikaombwa kwa kuwa nilikuwa nimevaa raba. Kabla ya siku hiyo nilikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba kuotea ni jambo la macho tu: ama mtu ameotea au hajaotea. Katika dakika ya ishirini hivi nilinyoosha kibendera dhidi ya mshambuliaji wa winga ya mbali ambaye, kwa nilivyoona mimi, alikuwa amempita beki wa mwisho kwa hatua nzima. Watu waliokuwa wamesimama sambamba na beki yule walinicheka kwa uchungu. Nilikuwa nimetangulia hatua mbili kuelekea golini, na hatua mbili hizo zilitosha.

Baadaye nilijifunza kwamba kosa langu lina maelezo ya kijiometri. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walionyesha katika jarida la Nature kwamba makosa mengi ya waamuzi wasaidizi kuhusu kuotea yanatokana na mahali wanaposimama. Msaidizi akiwa amemtangulia beki wa mwisho kuelekea golini, mshambuliaji aliye upande wa mbali wa beki huyo huonekana ameotea hata kama wako sambamba, na mshambuliaji aliye upande wa karibu huonekana hajaotea hata kama amempita. Kosa hilo lina mwelekeo unaoweza kutabiriwa, na halihusiani na timu inayoshambulia. Shabiki aliyesimama nyuma ya goli au kwenye kona ya kamba naye ana pembe yake, na kwa kawaida ni mbaya kuliko ya msaidizi, ila yeye haulizwi.

Mwili nao una sehemu yake. Mwamuzi wa kati hukimbia takribani kilomita 10 katika mchezo mmoja, na akiwa wa ngazi ya kimataifa hupimwa kwa mbio fupi sita za mita 40 na kisha mbio 40 za mita 75, kila moja ikifuatwa na mita 25 za kutembea. Mwalimu wetu aliyeshuka kwenye basi alfajiri hana kocha wa viungo wala mtu wa kumkanda misuli. Kufikia dakika ya 80 anakuwa mita 30 kutoka kwenye tukio ambalo katika dakika ya 10 angelifikia kwa mita 12. Viwanja vya ngazi yake havina mwamuzi wa video, kama ambavyo katika raga ya ligi kwa miaka mingi mwamuzi wa video alipatikana katika michezo inayoonyeshwa na televisheni tu. Kwa hiyo ligi za kati hubaki na mpangilio wa ajabu: mwamuzi ana vifaa vichache zaidi, huku shabiki wake akiwa amezoea kutazama mpira wa Ulaya kwenye banda umiza, ambako kila tukio hurudiwa mara nne kwa mwendo wa taratibu na mstari wa kuotea huchorwa kwa kompyuta. Anapokwenda uwanjani Jumapili anabeba matarajio ya banda umiza.

Tena macho ya shabiki yenyewe yamekwisha kuchukua upande kabla hajaketi. Mwezi wa Novemba 1951 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza mchezo wa mpira wa Kimarekani uliojaa rabsha, na wanasaikolojia wawili baadaye wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile ya mchezo huo na kuwaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliyaona. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1954, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kijiweni Jumatatu baada ya watani wa jadi kukutana angeweza kuwaambia jibu bila utafiti.

Hajui

Tuhuma ya pili inahitaji uangalifu, kwa sababu imesimama juu ya sheria ambazo wengi wetu tulizijua utotoni na hatukuzifuatilia tena. Kijana wa bodaboda alisema beki aligusa mpira kwanza, na kwa hilo alikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo sheria ya 12 haisemi kwamba anayegusa mpira kwanza amesamehewa. Inauliza kama alimwendea mpinzani kwa uzembe, kwa kutojali au kwa nguvu iliyozidi. Mtu anaweza kuugusa mpira kwa ncha ya kiatu na papo hapo kumvunja mwenzake mguu, na hiyo ni faulo.

Vivyo hivyo na "mtu wa mwisho", maneno yanayotamkwa kwenye majukwaa yetu kama aya ya msahafu. Hayamo katika sheria. Kinachopimwa ni kama nafasi ya wazi ya kufunga imezuiwa, kwa kuangalia umbali kutoka golini, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira na idadi ya mabeki na mahali walipo. Tangu mwaka 2016, beki anayezuia nafasi kama hiyo ndani ya eneo la penalti huku akijaribu kweli kuucheza mpira huonyeshwa kadi ya njano, maana penalti yenyewe inairudisha ile nafasi. Nimeshuhudia mwamuzi akitoa penalti na njano, uamuzi sahihi neno kwa neno, na upande ulionufaika ukamzomea kwa kuwanyima nyekundu "yao" huku upande ulioadhibiwa ukimzomea kwa penalti. Kuhusu kunawa, yaani kuugusa mpira kwa mkono, sitasema mengi. Sheria hiyo imeandikwa upya mara kadhaa tangu 2019, na hata wachambuzi wa redioni hupishana kwa miaka miwili.

Lakini haki isemwe. Wapo waamuzi wa ngazi za chini ambao hawajui vya kutosha, na shabiki mwenye miaka 30 ya kusimama kwenye kamba huwatambua ndani ya robo saa. Huwatambua kwa namna wanavyosita, wanavyopuliza baada ya kelele, wanavyotoa adhabu ya pili ili kufidia ya kwanza. Uwezo huo wa shabiki haupaswi kubezwa, kwa sababu yeye ndiye mkaguzi pekee anayehudhuria kila mchezo bila posho.

Mbeleko

Kati ya kutojua na kununuliwa lipo neno letu lenyewe ambalo linaeleza hali ya kati kwa ufasaha: kubebwa. Timu inabebwa, na ikizidi hubebwa kwa mbeleko, kama mtoto mgongoni. Neno hilo halitaji fedha. Linasema kwamba mwamuzi ameelemea upande mmoja, na linaacha wazi kama ni kwa hofu, kwa mapenzi, kwa heshima ya jina kubwa au kwa bahasha.

Na kuelemea huko kumethibitishwa. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha waamuzi 40 picha za matukio 47 ya mchezo kati ya Liverpool na Leicester. Baadhi yao walisikia kelele za uwanjani na wengine walitazama kimya kimya. Waliosikia kelele walitoa faulo pungufu dhidi ya timu ya nyumbani kwa takribani asilimia 15. Utafiti mwingine wa ligi ya Hispania, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba waamuzi huongeza dakika nyingi zaidi mwishoni pale timu ya nyumbani inapokuwa nyuma kwa bao moja kuliko inapokuwa mbele kwa bao moja. Kisha likaja janga la korona, viwanja vikafungwa milango, na katika ligi nyingi za Ulaya pengo la kadi kati ya wenyeji na wageni likapungua kwa namna inayoonekana.

Mtu akifikiri kidogo ataona ugumu uliomo humo. Viongozi wa mpira humwambia shabiki asimpigie kelele mwamuzi kwa kuwa si ustaarabu, ilhali kelele hizo zinafanya kazi. Mzee wa ndoo hakusoma jarida lolote, lakini amejifunza kwa miaka mingi kwamba uwanja ukipiga kelele mapema, faulo ya dakika ya 70 inaweza kuangukia upande wake. Mahubiri ya nidhamu hayawezi kumshinda mtu mwenye uzoefu huo. Isitoshe, yule mgeni aliyesafiri kutoka mkoa mwingine na kuona faulo tano za wazi zikiachwa naye hakosei anaposema kuna upendeleo. Anakosea pale tu anapohitimisha kwamba upendeleo lazima uwe umelipiwa.

Kwa klabu kubwa hali huwa nzito zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2016 Simba na Yanga walitoka sare ya bao 1-1 katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Amissi Tambwe wa Yanga alifunga baada ya mpira kumgusa mkononi, nahodha wa Simba Jonas Mkude akatolewa kwa kadi nyekundu katika vurugu za kulipinga bao hilo, viti vikang'olewa jukwaani, na serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja huo kwa muda. Tukio la mkono lilikuwa la sekunde moja, na uwezekano kwamba mwamuzi alizibwa na mwili wa mchezaji haukujadiliwa sana mitaani siku zile. Kufikia Juni 2025, mchezo wa timu hizo uliokuwa umeahirishwa tangu Machi ulichezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Ni njia ya kupunguza lawama, na inapunguza kweli, kwa kuwa Mmisri hana shangazi Kariakoo. Kwa upande mwingine inathibitisha mbele ya kila shabiki wa ligi za kati kwamba hata wenye mpira hawatarajii mwamuzi wa nyumbani kuaminiwa.

Kanunuliwa

Tuhuma ya tatu haiwezi kufutwa kwa kusema kwamba mashabiki wana mawazo mabaya. Mwezi wa Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, timu mbili zilizokuwa zikiwania kupanda kwa tofauti ya mabao zilipata ushindi usio wa kawaida: Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro mabao 7-0. Shirikisho la soka, TFF, lilichunguza, likaona matokeo yalipangwa, likaziteremsha timu zote nne, na Mbao ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu kupitia mlango huo. Hiyo ilikuwa ligi ya kati hasa, mbali na kamera za televisheni, na shabiki anayeikumbuka hawezi kuambiwa kwamba kupanga matokeo ni hadithi.

Kesi iliyojulikana zaidi duniani ya mwamuzi mwenyewe kununuliwa ni ya Robert Hoyzer wa Ujerumani, aliyekuwa akichezesha madaraja ya chini na michezo ya kombe. Mwezi wa Agosti 2004 alichezesha mchezo wa kombe ambao Paderborn, timu ya daraja la tatu, iliifunga Hamburg mabao 4-2, baada ya penalti mbili na mchezaji mmoja wa Hamburg kutolewa. Mwaka uliofuata alikiri, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi mitano. Kinachofundisha katika kesi hiyo ni njia ya kugunduliwa kwake: waamuzi wenzake ndio waliotoa taarifa. Uwanja mzima ulikuwa umezomea siku ile kama unavyozomea siku zote, na kwa hiyo zomeazomea hiyo haikumwambia mtu chochote.

Hapo ndipo tuhuma ya tatu inapojidhuru yenyewe. Kila kosa likiitwa rushwa, rushwa yenyewe hujificha katikati ya kelele. Kiongozi wa klabu aliyefungwa kihalali hupata pa kujifichia, kocha asiyejua kupanga timu hupata wiki mbili za ziada, na mwamuzi aliyepokea bahasha hutembea kifua mbele kwa kuwa anaitwa majina yale yale anayoitwa mwenzake aliyesimama vibaya. Tena mazingira yanailisha tuhuma hiyo. Malalamiko ya waamuzi kucheleweshewa posho yameandikwa magazetini mara nyingi, na shabiki hujiuliza swali la kawaida kabisa: mtu anayedai posho ya michezo kadhaa iliyopita, aliyelala kwenye nyumba ya wageni aliyotafutiwa na wenyeji na kupelekwa uwanjani kwa gari la wenyeji, atapuliza penalti ya dakika ya 89 dhidi ya wenyeji hao? Kumtazama mtu huyo kwa mashaka kuna mantiki. Kumlipa kwa wakati na kumtafutia malazi yasiyotegemea klabu yoyote kungeondoa sehemu kubwa ya mashaka hayo, kwa gharama ndogo kuliko ya mwamuzi wa video.

Maneno

Nimesema hapo juu kwamba jibu halimfikii shabiki. Mpira wa miguu una tabia ya zamani ya kumfanya mwamuzi awe bubu. Kadi zenyewe zilibuniwa ili kuziba pengo la lugha: katika Kombe la Dunia la 1966, Antonio Rattin wa Argentina alitolewa nje na mwamuzi Mjerumani asiyejua Kihispania, akagoma kutoka kwa dakika kadhaa, na Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa akisimamia waamuzi wa mashindano hayo, akapata wazo la rangi mbili alipokuwa akisubiri kwenye taa za barabarani jijini London. Kadi zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970. Zinaeleza adhabu kwa watu elfu 60 kwa mara moja, lakini hazielezi sababu.

Raga, ya ligi na ya watu 15, imekwenda njia nyingine. Mwamuzi wa michezo inayotangazwa huvaa kipaza sauti, na mtazamaji nyumbani humsikia akimwambia mchezaji kwamba amechelewa kumwachia mwenzake. Shabiki wa hapo hamtukuzi mwamuzi, asidanganywe mtu. Majukwaa ya kaskazini mwa Uingereza yana ndimi kali. Tofauti ni kwamba ugomvi huanzia kwenye sababu iliyotajwa, na anayebisha hubishana na sababu hiyo. FIFA ilijaribu kitu cha karibu na hicho katika Kombe la Dunia la wanawake la 2023, pale waamuzi walipotangaza uwanjani maamuzi yaliyotokana na video. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Ulaya, nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumwendea mwamuzi kuuliza, naye akaahidiwa maelezo.

Ligi za kati za Dar es Salaam hazina vipaza sauti vya kuvaa, ila zina kitu ambacho Benjamin Mkapa haina: umbali wa mita tano kati ya mwamuzi na kamba. Ukaribu huo ndio unaofanya ngazi hii iwe ya hatari zaidi kwa mwamuzi, maana hakuna uzio wala askari wa kutosha, na baada ya mchezo anapita katikati ya watu wale wale akiwa na begi lake. Ukaribu huo huo huruhusu mambo ambayo Ligi Kuu haiwezi kuyafanya. Ndondo nyingi zina mshereheshaji mwenye spika kubwa anayeimba majina ya wachezaji na kutangaza wadhamini tangu saa tisa alasiri. Sijawahi kumsikia akitangaza sababu ya penalti. Ingemchukua sekunde sita: beki amecheza mpira lakini amemkanyaga mwenzake, faulo ya uzembe.

Mchezo ule wa Temeke ulimalizika kwa bao hilo moja. Nilipokuwa nikivuka barabara kutafuta usafiri nilimkuta refa amekaa kwenye benchi la muuza kahawa, jezi imeloa jasho, na kijana wa bodaboda amesimama mbele yake akimwonyesha kwa mguu jinsi beki alivyougusa mpira. Refa alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akainuka, akamwonyesha mguu wa pili wa beki ulikokwenda. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza anaelekea wapi, kwa sababu yeye anakwenda Mbagala na hana abiria.